Nyoka wa Mlangoni

Bweni la Wasichana,
2 Juni

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na natumaini wewe, Shemeji na Bosi hamjambo. Mwambie Bosi kwamba mama yake mdogo amesikia siku hizi anawaamrisha hata wageni wapi wakae, na wala hashangai. Mtoto aliyeanza kusema "leta" kabla ya kusema "mama" tulijua ataishia huko.

Hongera ya nyumba. Najua nilikwisha kusema hongera likizo iliyopita mlipokuwa mnapiga lipu, lakini wakati ule zilikuwa kuta tu. Sasa mnalala ndani. Matroni alipomaliza kusoma barua yako (barua zetu zote huzisoma yeye kwanza, kwa hiyo tafadhali usiandike vichekesho kuhusu walimu) alinikabidhi akasema, "Dada yako ana nyumba yake." Nikatembea nayo mfukoni siku nzima kama cheti.

Sasa jambo lenyewe. Mwalimu wa maarifa ya nyumbani ametupa kazi ya muhula. Kila mmoja achague zawadi ya mtu aliyehamia nyumba mpya, aitengeneze kwa mikono yake, aipeleke kweli, halafu aeleze mbele ya darasa kama ilitumika au la. Anasema watu wengi hununua zawadi kwa macho yao wenyewe wakiwa dukani, badala ya kuinunua kwa mikono ya mtu atakayeishika. Ndiyo maana nyumba mpya hujaa vitu vya kufutwa vumbi. Zawadi ya manufaa, anasema, huwezi kuijua mpaka umemuuliza mwenye nyumba anajikwaa wapi, analowa wapi, anasikia baridi wapi. Na mapambo ameyakataza kabisa. Akiona ua mahali ambapo ua halina kazi, anakata maksi.

Kwa hiyo nakuuliza, Dada, na usinijibu "chochote tu, mdogo wangu". Wenzangu wengi hawana ndugu mwenye nyumba yake, wanabuni tu. Mimi ninaye. Nataka ndani ya nyumba yako kuwe na kitu kimoja ambacho ukikigusa kila siku unanikumbuka.

Mdogo wako,
Kizibo


Nyumbani kwangu (nimependa kuandika hivi),
9 Juni

Mdogo wangu Kizibo,

Marahaba. Sisi wazima. Bosi amesoma salamu zako kwa kuikunja karatasi na kuikalia.

Mwalimu wako ana akili, ningependa angekuwa mgeni wangu siku ile tulipohamia. Tumeletewa saa za ukutani nne, na hakuna mbili zinazokubaliana. Shemeji yako amezitundika zote sebuleni ili kila aliyeleta aione yake. Mtu akiuliza ni saa ngapi, tunamwambia achague. Mama mkwe kaleta picha ya maporomoko ya maji, kubwa kama mlango. Ndoo hakuna aliyefikiria. Ufagio nimenunua mwenyewe.

Unauliza nasikia baridi wapi. Kila mahali. Kiwanja chetu kiko mgongoni mwa kilima, upepo ukitoka huko unakotoka unatupata sisi kwanza. Umeme bado, nguzo hazijafika upande wetu, na simu yangu naipeleka kuchajiwa dukani ninapokumbuka, maana yake siku nyingi imezima. Shemeji yako anaingia kazini kwenye tanuri la mikate jioni na kurudi asubuhi, kwa hiyo baridi la usiku halijui yeye. Linajulikana na mimi na Bosi.

Dari imefungwa vizuri na milango imekaa sawa. Tatizo ni fundi. Juu ya kila dirisha ameacha tofali lenye matundu, sijui kwa nini, labda matofali yalimzidi. Upepo unapita pale unapiga filimbi. Na chini ya mlango wa chumbani kuna upenyo ambao Bosi anapitisha vidole vyake akitaka nijue yuko upande wa pili.

Unakumbuka nyumba ya marehemu mama? Kila jioni alitugawia matundu. Mimi wa juu, nikipanda kwenye kigoda. Wewe mdogo kuliko wote ulipewa ya misumari na ya funguo, unatembea na vipande vyako vya nguo, unaziba, unapapasa, unaziba tena. Ndipo ulipopata jina. Na bado usiku tulisikia mama akikohoa. Nilijiapiza siku ile nikipata nyumba yangu, upepo utabisha hodi kama watu wengine.

Basi nishonee vizibo vya yale matofali. Nimetia nyuzi humu ndani: nyekundu ni urefu, nyeusi ni upana, yote ni sawa. Nikishaziba, jioni ninaingiza jiko chumbani makaa yakiwa yameshakuwa mekundu, hayana moshi hata kidogo, kama alivyofanya mama. Tutalala kama mikate ya shemeji yako.

Dada yako


Bweni la Wasichana,
16 Juni

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Vizibo viko tayari, na nimeviaga kwa shida.

Matroni alinipa godoro la sponji lililotobolewa na panya. Nimekata vipande kwa kufuata nyuzi zako, nikavivika turubai ya hema kuukuu la skauti, na nikashona kingo mara mbili. Nimevifanya vikubwa kidogo kuliko uzi, ili ukivisukuma ndani vibanwe na tofali lenyewe. Mwalimu alipima mshono wangu kwa rula, akageuza, akavuta kwa nguvu, haukutoka hata uzi. Akasema, "Huyu ameuliza kabla ya kushona." Mwenzangu wa kitanda cha juu, ambaye tunamwita Redio, ameshona kitambaa cha meza kwa shangazi asiye na meza. Alininunia mpaka saa ya chakula.

Dereva wa shule atavifikisha kwenye duka lile unalochukulia barua. Ukishavipachika, fanya jaribio. Funga mlango na dirisha, washa mshumaa, uuweke karibu na tofali. Mwali ukisimama wima bila kutikisika, mimi nimefaulu. Ukitikisika, niandikie ni upande gani.

Dada, hivi umeona? Zamani nilikuwa naziba matundu ya nyumba ya kupanga, isiyo yetu, kwa vipande vya nguo iliyochakaa. Sasa naziba ya nyumba yetu kwa turubai. Samahani nimesema yetu.

Mdogo wako,
Kizibo


Nyumbani,
27 Juni

Mdogo wangu,

Umefaulu. Mwali umesimama kama askari kwenye gwaride. Bosi aliupulizia makusudi tukauwasha tena, ukasimama vilevile.

Na ni yetu. Nani alikuambia si yetu?

Nyumba sasa imekuwa kimya, hujawahi kusikia kimya hicho. Zamani upepo ulikuwa unazifunika saa, sasa nazisikia zote nne, kila moja na mwendo wake. Joto linakaa. Naingiza jiko baada ya chakula, nafunga, na asubuhi bado kuta zina uvuguvugu. Paka wa jirani, aliyekuwa akijipenyeza kila jioni kulala miguuni kwetu, ndiye tu aliyesusa. Siku hizi analala nje juu ya kizingiti. Nikimwita ananiangalia, haji.

Sasa hili nakuambia wewe peke yako, na matroni kwa kuwa hatuna njia ya kumkwepa. Kila asubuhi ninaamka na kichwa kizito kama nimebebeshwa gunia, na tumbo linanichafuka. Nikifika kazini kitaluni, nikikaa kati ya miche na upepo wa pale, mpaka saa ya chai kichwa kimekuwa chepesi, kama kilikuwa cha mtu mwingine. Jioni nikirudi nyumbani nacho kinarudi. Nadhani ni mimba. Bado sijamwambia shemeji yako, nataka kwanza niwe na hakika.

Na sitaki mama mkwe asikie. Alilala hapa usiku mmoja wiki iliyopita, akaamka anashika ukuta. Akasema, "Nyumba hii imekataa watu." Anasema kiwanja kilikaa muda mrefu bila mnunuzi na lazima kuna sababu. Anataka tuipangishe tukakae kwake, kwenye chumba kile cha nyuma. Akijua na mimi naumwa, hatanyamaza mpaka tuhame. Kizibo, nyumba hii ikitoka mkononi mwangu sitapata nyingine. Kwa hiyo mimi siumwi. Umenielewa?

Imebaki mlango tu. Baridi yote iliyofukuzwa juu sasa inapita chini. Fikiria kitu. Uzi wa kijani ndio upana wa mlango.

Dada yako


Bweni la Wasichana,
4 Julai

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nyuma ya bafu, halafu nikaisoma tena. Ikiwa ni mtoto, mimi nitakuwa mama mdogo mara mbili, na Bosi atapata wa kumwamrisha kihalali. Tafadhali usibebe maji. Rudi mapema kutoka kazini, jifunike, kaa ndani, usitoke kwenye baridi. Nimemwambia Mungu.

Siri yako ninaitunza. Matroni aliponipa barua alinitazama usoni.

Sasa, mlango. Nimekushonea nyoka. Ni mfuko mrefu wa kaki, upana wa mlango na kidogo zaidi, nimeujaza mchanga uliochanganywa na unga wa mbao kutoka karakana, ili uwe mzito usipeperuke na ulale vizuri sakafuni. Unamlaza chini ya mlango ukishafunga. Nilimjaribu bwenini: Redio alilala nje ya mlango na kupuliza mpaka akaishiwa pumzi, mimi ndani sikuhisi kitu.

Lakini nimekatwa maksi. Nilipomaliza nilimwona amelala pale mezani kama gunia tu, nikamwonea huruma. Nikachukua vifungo viwili vya sketi yangu ya zamani, vya bluu, nikamtia macho. Mwalimu alisema, "Macho yanaziba upepo gani?" Aliniambia niyatoe nirudishiwe maksi zangu. Nilikaa na mkasi mkononi, kisha nikamwacha nayo. Naomba usinicheke. Nilifikiri Bosi atapenda kuwa na mtu wa kumtazama wakati baba yake hayupo.

Wiki ijayo nasimama mbele ya darasa kueleza zawadi zangu. Nimeshaandika mwanzo: "Nyumba ya dada yangu haipitishi upepo."

Mdogo wako,
Kizibo


Nyumbani,
12 Julai

Kizibo mdogo wangu,

Nyoka amefika. Samahani kwa mwandiko, mistari inapanda na kushuka, nimeandika tarehe nikaifuta nikaiandika tena ileile.

Sina mimba. Nilikwenda zahanati nikapimwa, hakuna kitu. Wakanipa vidonge vya kichwa. Nililia kidogo njiani, sasa nimeacha.

Bosi amemchukua nyoka wako akamfanya mume. Anamwita Bwana. Anamburuta mpaka jikoni, anamlisha, anamgombeza kwa kuchelewa kurudi kutoka kazini. Hayo macho ndiyo yaliyoniletea tabu. Nikimlaza mlangoni, yeye anamvuta, anasema Bwana hawezi kulala chini, anasikia baridi. Siku tatu hizi tunagombana naye kila jioni na yeye ndiye anayeshinda. Huyo mtoto kwa kweli hataki kulala. Tukifika mlangoni jioni anashika fremu kwa mikono miwili analia. Jana alitapika. Mimi nimevunja kikombe, halafu nikasimama nikiviangalia vipande, sikumbuki kwa muda gani.

Shemeji yako ameniuliza kwa nini siku hizi ni mvivu wa kuamka. Nimemwambia ni uchovu wa kitaluni. Aliniangalia lakini alikuwa na usingizi wake.

Leo baridi ni kali kuliko siku zote. Jiko tayari nimeliingiza, limekuwa jekundu zuri, halina moshi. Nangoja Bosi asinzie nimnyang'anye mume wake nimrudishe kazini. Leo nataka tulale joto usiku kucha. Kesho nitaipeleka hii dukani.

Nakushukuru kwa nyoka. Nakushukuru kwa nyoka.

Dada yako


Ofisi ya Walimu,
13 Julai

Dada,

Isome barua hii ukiwa nje ya nyumba. Kama uko ndani, mchukue Bosi, toka, kisha uendelee.

Leo asubuhi nimesimama mbele ya darasa. Nimeeleza vizibo, nyuzi, mshumaa na nyoka. Nimeeleza jinsi jiko linavyoingia chumbani likiwa halina moshi, na jinsi joto linavyokaa mpaka asubuhi. Niliposema mwali ulisimama kama askari, darasa lilipiga makofi. Mwalimu hakupiga. Aliweka chaki chini akaniuliza, "Na hewa inaingilia wapi?"

Nikasema haiingii. Nilisema kwa kujivuna, Dada. Nikasema hiyo ndiyo kazi yenyewe, nimeijaribu.

Akaniita karibu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dada yako anaumwa kichwa?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nilikuwa nimekuahidi, lakini nilipoona uso wake nikamwambia yote.

Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya. Yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Chumba kikifungwa inajaa, na mtu anaivuta bila kujua. Kwanza kichwa, kisha tumbo, kisha usingizi, kisha haamki. Ukitoka nje kwenye upepo inapungua, ndiyo maana kitaluni unapona. Ndiyo maana mama mkwe alishika ukuta. Ndiyo maana paka hataki kuingia. Shemeji analala mchana jiko likiwa limezimwa na dirisha wazi, kwa hiyo haimpati. Huna uvivu. Nyumba haijakataa mtu.

Na fundi hayakumzidi matofali. Yale matundu aliyaweka kwa ajili yenu.

Nilimwambia mwalimu kwamba mama alifanya hivyohivyo miaka yote na sote tulikua. Akaniuliza nyumba ya mama ilikuwaje. Nikaanza kumweleza, nikashindwa kumaliza. Mama alikuwa akitukaripia kwa matundu tuliyoyasahau. Hayo tuliyoyasahau ndiyo yaliyotulea.

Ng'oa vizibo vyangu vyote. Usiingize jiko tena hata kama unatetemeka. Mwambie Shemeji, na umwambie leo. Usione aibu.

Matroni amekuwa akipiga simu yako tangu saa nne, imezima. Nambari ya Shemeji sikuwahi kuiandika popote. Dereva wa gari la mboga anaelekea upande wenu sasa hivi, ameshawasha gari, ameahidi kuiacha barua hii dukani na kumwomba mwenye duka amtume mtu. Mwalimu amesimama nyuma yangu, anasema niandike haraka.

Dada, toka nje.

Mdogo wako


Nyumbani,
24 Julai

Shemeji,

Habari za masomo. Mimi si mtu wa barua, mkono wangu umezoea unga. Lakini dada yako hawezi kuandika bado na wewe unangoja.

Kwanza, wako hai. Dada yako yuko hai na Bosi yuko hai. Soma tena mstari huo halafu uendelee.

Barua yako ya tarehe 13 niliipata dukani. Mwenye duka alimtuma kijana wake siku ileile, akakuta nyumba imefungwa, kwa sababu wakati huo tulikuwa hospitali. Asubuhi ya tarehe hiyo, wewe ukiwa pengine unapanga maneno ya kusema darasani, mimi nilikuwa nimerudi na mikate kwapani. Paka wa jirani alikuwa mbele ya mlango analia. Niliita, kimya. Nilipofika mlango wa chumbani nikaona vidole vya Bosi vimetokeza kwa chini. Nikadhani anacheza. Nikaviminya kama kawaida yetu. Havikucheza.

Nilisukuma mlango polepole maana alikuwa ameuegemea. Amelala kifudifudi, uso uko pale kwenye upenyo, na yule nyoka yuko chini ya kwapa lake. Mama yake alikuwa kitandani. Barua aliyokuandikia niliikuta mezani, nimeitia humu. Utaona mwenyewe alisema atamnyang'anya mtoto nyoka, amrudishe mlangoni. Bila shaka alimrudisha. Bosi naye akaamka akaenda kumchukua Bwana wake, akalala naye palepale.

Daktari alisema kilichomwokoa mtoto ni upepo wa chini ya mlango, na kwamba hata mama yake, ule upepo kidogo ndio uliomfikisha asubuhi. Aliniuliza kwa nini mlango peke yake ndio haukuzibwa. Mtu akimwambia daktari habari ya vifungo viwili vya bluu ataonekana amechanganyikiwa.

Bosi alirudi kuwa Bosi baada ya siku chache. Ameshamgombeza muuguzi. Dada yako alichelewa kuzinduka. Sasa anatembea, anakula, anacheka. Ila anaweza kuanza kusema jambo akasimama katikati, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau amefuata nini. Juzi aliniuliza katika zile saa nne ipi ni ya kweli. Nikamwambia hakuna. Akaniuliza tena. Madaktari wanasema tungoje, wengine hurudi, na hawasemi wengine hufanya nini.

Shemeji, mimi nashinda na tanuri. Najua moto wa kila aina. Nilimwona mke wangu analala kuliko kawaida nikamwita mvivu, nikajifunika shuka. Kwa hiyo usije ukakaa huko ukajihesabia makosa ya kushona. Kama ni foleni ya wenye makosa, mbele niko mimi.

Mama yangu amekuja akasema si nilikuambia, nyumba imekataa watu. Nimemwambia nyumba haikumkataa mtu, sisi ndio tuliokataza hewa. Vizibo nimeviondoa nikavichoma nje. Nyoka nimemwachia Bosi mwenyewe. Jiko liko kwa jirani. Nimeomba zamu ya mchana.

Shemeji yako


Nyumbani,
11 Agosti

Mdogo wangu Kizibo,

Shemeji yako anasema niandike ili mkono ukumbuke. Basi naandika.

Mimi sijambo. Nyumba ni nzuri. Ina saa nne, nimesahau zimetoka kwa nani. Bosi ana mume, ni mrefu, hana miguu. Kitaluni wamesema nirudi nitakapokuwa tayari. Miche naikumbuka yote. Majina ya watu ndiyo yanakimbia, lakini lako lipo.

Kuna baridi. Juu ya madirisha kuna matundu, sijui fundi aliyaacha ya nini, na upepo unapita pale unapiga filimbi. Shemeji yako nikimwambia anageuka upande. Wewe ndiye unayejua kuziba. Ukija utuzibie.

Msalimie mama. Mwambie nyumba yangu ina dari. Mwambie akija asibebe jiko, tutatafuta.

Dada


Bweni la Wasichana,
18 Agosti

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Nimeipata barua yako, na mwandiko umekaa kwenye mstari kuliko ule wa mara ya mwisho. Nimemwonyesha mwalimu. Aliisoma mpaka chini, akavua miwani, akaniuliza kama bado ninazo zile nyuzi. Ninazo. Nyekundu, nyeusi na kijani, ziko ndani ya Biblia yangu.

Salamu za mama nimezipokea. Nitakueleza habari zake nikija, tukiwa tumekaa nje juani, taratibu. Mengine yote ya zamani nitakueleza, hata kama utaniuliza mara mbili. Nina subira, unanijua.

Kuhusu yale matundu, nimekutengenezea kitu. Ni fremu ndogo za mbao zenye wavu wa chuma, urefu wa uzi mwekundu na upana wa uzi mweusi. Karakana wamenisaidia kukata, lakini kupiga msumari nimepiga mwenyewe. Shemeji atazifunga kwa skurubu kwa ndani. Ndege hawataingia, na panya hawataingia. Upepo utaingia. Hakuna mtu atakayeweza kusukuma sponji mle, hata wewe, hata mimi. Ukiisikia filimbi jioni usimwambie Shemeji aizime. Jifunike blanketi. Nimekufumia moja, ni zito, lina rangi za masalio ya sufu za darasa zima. Redio ametoa zambarau yote.

Kila fremu nimeitia vifungo viwili kwenye kona. Niliomba ruhusa safari hii, nikamwambia mwalimu najua havina kazi. Kesho yake akaniletea kopo la vifungo kutoka kwake nyumbani, akaniambia nichague.

Natia sahihi lile jina kwa sababu limebaki kwako. Nilikuwa nimeliacha.

Likizo ikianza nakuja moja kwa moja, sipiti popote. Lakini Dada, naomba jambo moja. Siku nitakayofika mwambie Bosi alale chini apitishe vidole chini ya mlango, na avichezeshe. Nataka nivione kwanza, ndipo nibishe hodi.

Mdogo wako,
Kizibo